Nyimbo Mpya kwa Chakula cha Jioni

Jua limezama. Majembe yamewekwa kando ya ukuta. Mbuzi wamefungwa. Ugali umeiva na mboga iko tayari. Huu ndio wakati watu wa nyumba moja wanapokutana. Mchana kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba alikuwa shambani. Mama alikuwa shambani, kisha kisimani, kisha jikoni. Watoto walikuwa shuleni. Sasa ni saa moja na nusu usiku, na wote wamekaa pamoja.

Katika nyumba nyingi redio huwashwa wakati huu. Pengine si redio, ni simu yenye nyimbo. Hilo ni jambo jema. Muziki huondoa uchovu. Muziki hufanya watu wakae pamoja badala ya kila mtu kushika njia yake.

Lakini mara nyingi mambo matatu huharibu wema huo.

Kwanza, nyimbo ni zilezile. Nyimbo kumi tu zinazunguka mwaka mzima, mpaka hata kuku wanazijua.

Pili, sauti ni kubwa mno. Watu wanakula kimya kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake.

Tatu, redio ina mwenyewe mmoja. Baba akienda kilabuni, redio nayo inaondoka, iko kwapani mwake. Mama na watoto wanabaki na giza na ukimya.

Basi leo tujifunze jinsi ya kupata nyimbo mpya za jioni bila kumaliza fedha ya chumvi na mafuta ya kula. Tutaona pia kwamba kalamu na daftari, vitu tulivyovizoea darasani kwetu, vinaweza kutusaidia sana katika kazi hii.

MUZIKI MPYA NI UPI?

Watu wengi hufikiri muziki mpya ni ule uliotoka juzi. Si hivyo tu. Wimbo ambao masikio yako hayajawahi kuusikia ni mpya kwako, hata kama uliimbwa kabla hujazaliwa.

Tuchukue mfano wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, huko Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa maskini. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza vyungu. Baadaye alihamia mjini, akajifunza kuimba taarab kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Uhindi, na huko sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Sahani hizo ziliuzwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Siti alifariki mwaka 1950. Lakini kijana wa leo akiusikia wimbo wake kwa mara ya kwanza, kwake huo ni muziki mpya kabisa. Anayependa kusoma anaweza kutafuta kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Wasifu wa Siti Binti Saad. Kinaeleza maisha ya mama huyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa muziki wa dansi. Mbaraka Mwinshehe alipiga gita na Morogoro Jazz, kisha na Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Marijani Rajabu aliimba na Safari Trippers, kisha na Dar International. Alifariki mwaka 1995. Wazee wanawajua watu hawa. Lakini uliza watoto wako. Utaona wengi hawajui hata nyimbo tatu za kila mmoja wao.

Kwa hiyo tusitafute nyimbo za mwaka huu tu. Tutazame mbele, na nyuma pia.

MUZIKI GANI UNAFAA WAKATI WA KULA?

Si kila wimbo mzuri unafaa mkekani. Ngoma ya harusi ni nzuri, lakini kazi yake ni kuwainua watu wacheze. Wakati wa kula tunataka watu wakae, watafune vizuri na wazungumze.

Kuna kipimo rahisi. Mtu aliyekaa mwisho wa mkeka aombe chumvi kwa sauti ya kawaida. Kama mwenye chumvi amesikia, basi muziki uko sawa. Kama hakusikia, punguza sauti.

Jambo la pili ni maneno. Wimbo wenye maneno mengi hushindana na mazungumzo. Sikio likifuata maneno ya wimbo, haliwezi kufuata maneno ya mtoto anayeeleza habari za shule. Kwa hiyo wakati wa kula, muziki wa ala bila maneno unafaa sana. Katika taarab ya Unguja kuna muziki wa namna hii uitwao bashrafu. Ni wa ala tupu: udi, kanuni, fidla na nyinginezo. Kwa kawaida hupigwa mwanzo wa onyesho, kabla ya waimbaji kuanza. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, na kile cha Culture, kilichoanzishwa mwaka 1958, vyote vinajulikana kwa taarab ya namna hii.

Vyombo vya bara navyo vinafaa. Ilimba ya Wagogo ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba. Mpigaji huvipiga kwa vidole gumba. Sauti yake ni tulivu, kama maji yanayodondoka. Mgogo mmoja, Hukwe Zawose, aliipiga ilimba na zeze mpaka akaalikwa Ulaya na sehemu nyingine za dunia. Alifundisha pia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alifariki mwaka 2003, lakini muziki wake umebaki katika kanda.

Nyimbo za dansi za zamani zinafaa pia, ila uzijue tabia zake. Nyingi huanza polepole, mwimbaji akitoa kisa chake. Kisha katikati magita huchangamka na watu huinuka kucheza. Wakongo huiita sehemu hiyo sebene. Rumba ya Kongo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nyimbo hizi ziweke baada ya kula, vyombo vikishaondolewa. Hapo hata bibi akitikisa bega hakuna mchuzi wa kumwagika.

Na mipasho je? Mipasho ina raha yake, na wapenzi wake ni wengi. Lakini mkiwa mmekaa na mkwe, au na jirani mliyegombana naye juzi, kila neno la wimbo litaonekana limemlenga mtu. Chakula kitakosa ladha. Chagua mahali na wakati wake.

NJIA NNE ZA KUPATA NYIMBO MPYA

Njia ya kwanza: redio na daftari.

Redio bado ni mwalimu mkubwa wa muziki vijijini. Redio ya Taifa ilianza matangazo yake Dar es Salaam mwaka 1951. Kwa miaka mingi iliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilikuwa zikienda kurekodi nyimbo zao katika studio yake. Siku hizi inaitwa TBC. Tangu miaka ya 1990 zimekuja redio nyingi nyingine, za watu binafsi na za mikoani.

Tatizo letu ni kuzoea. Tunafungua redio moja, na sindano haihami mwaka mzima. Basi jaribu hivi: kila wiki, jioni moja, tembeza sindano polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila unaposikia muziki unaokupendeza, simama. Kisha chukua daftari uandike mambo manne:

1. Jina la redio, na namba ambayo sindano imesimama.
2. Siku na saa.
3. Jina la wimbo.
4. Jina la mwimbaji au bendi.

Mtangazaji hutaja jina la wimbo kabla au baada ya kuupiga. Ukishindwa kuandika lote, andika nusu. Nusu jina ni bora kuliko kusema, "Ule wimbo wa juzi, ule unaoanza na gita." Hakuna atakayekuelewa.

Baada ya mwezi mmoja utakuwa na orodha yako mwenyewe. Utajua kwamba Jumapili saa fulani redio fulani hupiga zilipendwa, na Alhamisi redio nyingine hupiga taarab. Hutatafuta gizani tena.

Njia ya pili: omba wimbo.

Zamani wasikilizaji walituma kadi za salamu redioni, wakachagua na wimbo. Siku hizi wengi hutuma ujumbe wa simu, lakini kazi ni ile ile: kuandika. Andika kwa ufupi na kwa herufi zinazosomeka. Taja jina lako, kijiji chako, wimbo unaoutaka na mwimbaji wake. Hapa ndipo daftari lako linapokusaidia. Lakini kwanza uliza gharama ya ujumbe huo. Namba nyingine hukata fedha nyingi kuliko ujumbe wa kawaida.

Njia ya tatu: memori kadi na simu.

Siku hizi redio nyingi ndogo zina mahali pa kuchomeka flashi au memori kadi. Vijana wenye kompyuta sokoni hujaza nyimbo humo kwa malipo. Wengi wetu tunampa kijana kadi na kumwambia, "Nijazie." Naye anajaza anazozipenda yeye. Tukifika nyumbani tunakuta kelele, na fedha imekwenda.

Usiseme "nijazie." Nenda na orodha kutoka kwenye daftari lako. Mpe karatasi yenye majina ya nyimbo. Kabla ya kulipa, mwambie azipige mbili tatu usikie.

Tupige hesabu kidogo. Muziki wa sauti tu huchukua karibu MB 1 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika 4 ni MB 4. Kadi ya GB 4 ina karibu MB 4,000. Gawa 4,000 kwa 4. Jibu ni nyimbo 1,000. Ukisikiliza nyimbo 10 kila jioni, zitakwisha baada ya siku 100. Kwa hiyo usikubali kuuziwa kadi kubwa kama huna haja nayo.

Na wale wanaosikiliza kwa intaneti? Hesabu ni hiyo hiyo. Saa moja kila jioni ni karibu MB 60. Siku 30 ni MB 1,800. Hicho ni kifurushi kikubwa kwa mtu wa shamba. Tena ukitazama wimbo wenye picha, kifurushi huliwa mara nyingi zaidi. Ni nafuu kuuweka wimbo katika simu mara moja, kisha ukausikiliza mara mia bila kulipa tena.

Hapa kuna neno la haki. Wimbo ni jasho la mtu, kama mahindi yalivyo jasho lako. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo. Wimbo ukinakiliwa ovyo, aliyeuimba hapati kitu. Pale unapoweza, nunua kwa njia iliyo halali. Na kikundi kikija kijijini kupiga muziki, lipa kiingilio. Usichungulie dirishani.

Njia ya nne: wazee wa kijijini.

Njia hii haina gharama, lakini ndiyo tunayoisahau. Kila kijiji kina mtu anayejua nyimbo ambazo hazimo katika redio yoyote. Yuko mzee apigaye zeze. Yuko bibi anayejua nyimbo za kutwanga, za kubembeleza mtoto na za kuvuna. Watoto wako hawajazisikia. Basi kwao ni muziki mpya.

Mzee huyo akifariki, nyimbo hizo huzikwa pamoja naye. Hakuna duka utakakozipata. Mvua moja ya masika ikipita bila kuzichukua, pengine ndiyo imekwisha.

Mwalike jioni moja. Mpe chakula kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha mwombe aimbe. Kama kuna simu ya kurekodi, fanya hivi:

1. Mwombe ruhusa kabla. Mwambie utaufanyia nini wimbo huo. Akikataa, mheshimu.
2. Kaeni mahali pasipo upepo, mbali na kuku na mashine ya kusaga.
3. Weka simu juu ya kitambaa, karibu naye, hatua moja hivi. Usiishike mkononi, kwa sababu mikwaruzo ya vidole husikika.
4. Mwanzoni sema kwa sauti: jina la mzee, kijiji, tarehe, na wimbo ni wa kazi gani.
5. Usimkatize. Akisahau beti, mngoje. Mara nyingi hukumbuka.
6. Kesho yake andika maneno ya wimbo katika daftari. Yale usiyoyajua, rudi ukamwulize.

Nakili wimbo huo katika simu mbili au kadi mbili. Simu hutumbukia kisimani, na kadi huharibika. Daftari lenye maneno liwekwe sandukuni, mbali na mchwa.

REDIO NI YA NYUMBA NZIMA

Sasa tuseme wazi jambo la tatu tulilolitaja mwanzoni. Nani huchagua wimbo katika nyumba yako?

Kama mchaguzi ni mmoja siku zote, nyumba haitapata muziki mpya. Itapata muziki anaoupenda mtu huyo tu. Tena huenda waliobaki wakaichukia redio yenyewe.

Wekeni zamu. Mfano, nyumba yenye baba, mama, bibi na watoto watatu ina watu sita. Wiki ina siku saba. Kila mtu apate jioni yake moja ya kuchagua, na siku ya saba iwe ya redio kuzimwa, watu waimbe wenyewe au watoe hadithi na vitendawili. Andikeni zamu hizo katika karatasi, mbandike ukutani. Hivyo hata anayejifunza kusoma atapata zoezi kila siku.

Mwanzoni baba ataguna akisikia nyimbo za vijana. Vijana nao watacheka wakisikia zeze la bibi. Hiyo si kitu. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mwenye zamu aeleze kwa nini ameuchagua wimbo huo. Hii ndiyo namna ya vikundi vya redio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakajadili na kutenda. Wakachimba vyoo. Kama redio iliweza kuchimbisha vyoo, haitashindwa kuwapatanisha baba na mwanawe kwa wimbo mmoja.

Na baba anayekwenda kilabuni? Aende kama ni lazima, lakini aiache redio nyumbani. Huko kilabuni kelele zipo tayari. Aliyetwanga, akachota maji, akapika, naye ana masikio, na uchovu wake unahitaji wimbo.

TUNZA BETRI, TUNZA UJIRANI

Sauti ndogo hula betri polepole kuliko sauti kubwa. Tena redio isiyosikilizwa izimwe. Redio inayolia saa 8 kwa siku, ikiwa betri zake hukaa wiki 1, basi kwa saa 2 kwa siku zitakaa karibu wiki 4. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Kama redio haitumiki kwa muda mrefu, toa betri, kwa sababu maji yake huvuja na kuharibu vyuma vya ndani. Usitupe betri motoni. Hupasuka na kuumiza watu.

Kumbuka na jirani. Saa nne usiku watoto wa jirani wamelala. Punguza sauti. Na kama kuna msiba mtaani, redio nayo ikae kimya. Hakuna wimbo ulio mtamu kuliko ujirani.

Ndugu msomaji, anza jioni ya leo. Tafuta daftari. Andika juu yake: NYIMBO ZA NYUMBA YETU. Kisha washa redio, sogeza sindano, na subiri mtangazaji ataje jina.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba yako, nani huchagua wimbo wa jioni? Je, ni haki?
2. Taja wazee watatu wa kijiji chenu wanaojua nyimbo za zamani. Nani atakwenda kuwaona, na lini?
3. Hesabu: kadi ina MB 2,000. Kila wimbo ni MB 5. Kadi itabeba nyimbo ngapi?
4. Andika ujumbe mfupi wa kuomba wimbo redioni. Msomee mwenzako. Je, ameuelewa?

MANENO YA KUJIFUNZA

Ala: chombo cha kupigia muziki.
Bashrafu: muziki wa taarab wa ala tupu, bila kuimba.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga.
Kunakili: kutoa kitu kingine kilicho sawa na cha kwanza.
Zamu: nafasi ya kila mtu kwa mpango uliokubaliwa.